Kamera ya kanisa: wamama waulize nini kabla ya kutoa pesa

Siku hizi makanisa mengi yanazungumza juu ya kununua kamera ya telekomande, ile inayofungwa ukutani na kugeuka yenyewe kushoto, kulia, juu na chini, ili ibada ionekane moja kwa moja katika simu. Maneno yakifika kwenye pesa, mara nyingi wanaoitwa kwanza ni wamama. Sisi ndio tunaouza sombe, mkate na samaki, tunaocheza likelemba na kuweka franka juu ya franka. Kwa hiyo ni haki yetu kujua kitu tunachonunua, na tuwe na maswali mkononi kabla ya kufungua mfuko.

Toleo hili linaeleza kamera hizo ni nini, zinafanya kazi namna gani, na zipi zinafaa kanisa la kwetu, penye bati, mvua, umeme wa kukatika na mega za kuhesabu. Hatutangazi duka lolote. Tunataka kila mama anayetoa pesa aweze kusimama katika mkutano na kuuliza swali lenye uzito.

Kamera hii ni ya nani?

Swali hili litangulie yote. Walio ndani ya kanisa wanaona kwa macho yao wenyewe, hawahitaji kamera. Kamera ni ya yule aliyebaki nyumbani: bibi ambaye miguu imekataa, mama aliyejifungua juzi, anayemlinda mgonjwa hospitali, mtoto wetu anayesoma Kinshasa au Kampala, ndugu aliye Ubelgiji ambaye mama yake anazikwa huku bila yeye kuwepo.

Sote tunakumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alitangazwa tarehe 10 Machi, na tarehe 18 Machi Rais Tshisekedi akatangaza kwamba mikusanyiko inasimama, pamoja na ibada. Makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 Agosti. Karibu miezi 5 waamini walisali nyumbani, na kwa wengi simu na redio ndizo zilizokuwa njia ya kusikia mahubiri. Makanisa yalifunguliwa, lakini watu wasioweza kutembea bado wapo nyumbani kwao.

Kupeleka ibada mbali si jambo jipya. Misa ya kwanza kuonyeshwa katika televisheni ilitoka kanisa la Notre-Dame, Paris, usiku wa Noeli wa mwaka 1948. Nchini mwetu, tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alisoma misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo, Kinshasa. Uwanja huo uko katika komini inayoitwa Barumbu, jina lile lile kama la kwetu. Watu zaidi ya milioni moja walihesabiwa pale, na wengine wengi waliifuata kwa televisheni na redio. Kazi kama hiyo inatumia magari ya televisheni na mafundi wengi. Kanisa la mtaa lina kijana mmoja au mama mmoja wa kushika kazi, na kwa mtu kama huyo kamera ya telekomande ni msaada wa kweli.

Inafanya nini ambacho kamera ya kawaida haifanyi?

Kamera ya kawaida inahitaji mtu nyuma yake. Anasimama katikati ya njia, anawaziba waliokaa nyuma, na kwaya inapoanza kucheza anasukumwa. Kamera ya telekomande inafungwa mahali pamoja. Mwenye kuiongoza anakaa pembeni na kompyuta, simu, au kibao chenye fimbo ndogo ya kusukuma kwa kidole.

Ndani ya kamera kuna mota ndogo. Nyingine inaigeuza kushoto na kulia, nyingine inaiinamisha na kuiinua, na lenzi inavuta picha karibu au kuirudisha mbali. Tena kamera ina kumbukumbu. Kabla ya ibada unailekeza kwenye mimbari, unahifadhi kama namba 1. Unailekeza kwenye kwaya, namba 2. Mlango wa kuingilia, namba 3. Kanisa zima, namba 4. Wakati wa ibada unabonyeza namba tu na kamera inaenda yenyewe. Mama aliyezoea kupiga picha kwa simu anaweza kuifundishwa kwa Jumamosi chache. Kazi hii isihesabiwe kuwa ya vijana wa kiume peke yao.

Kamera nyingine zinauzwa kwa sifa ya kumfuata mhubiri zenyewe, bila mtu kuziongoza. Kwa mhubiri anayetembea peke yake jukwaani, inasaidia. Kwa ibada za kwetu, tahadhari. Wakatoliki wanajua namna misa ya Kikongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inavyoanza kwa maandamano ya kucheza, na katika makanisa mengine pia sadaka hupelekwa kwa ngoma na mistari ya watu. Watu wakipishana mbele ya mhubiri, mashine inaweza kumwacha na kumfuata mama mwenye beseni la sadaka. Ni vema kamera iwe na uwezo huo, lakini tusilipe pesa nyingi kwa ajili yake.

Kuvuta picha karibu: namba iliyo ya kweli na namba ya uongo

Muuzaji atasema: hii inavuta mara 12, hii mara 20, hii mara 30. Uliza kama ni kuvuta kwa lenzi au kuvuta kwa kompyuta. Kuvuta kwa lenzi ni kioo chenyewe kinachosogea, na picha inabaki safi. Kuvuta kwa kompyuta ni kuchukua picha ile ile na kuipanua, kama unavyopanua picha ya WhatsApp kwa vidole viwili mpaka uso unakuwa vipande vipande. Namba ya pili hiyo usiilipie.

Sasa chukua mita ya fundi nguo, au hesabu hatua kubwa, upime kutoka mahali kamera itakapofungwa mpaka mimbarini. Kamera ya kawaida ya kuvuta mara 12, ikiwa umbali wa mita 20, inaonyesha upana wa mita 2 na kidogo, maana yake mhubiri kuanzia kiunoni mpaka kichwani. Hiyo inatosha kabisa. Kanisa likiwa refu na kamera ikikaa mita 35 au 40 nyuma, hapo ndipo mara 20 inahitajika. Kanisa dogo linalonunua mara 30 limelipa uwezo ambao halitautumia.

Nyuso zetu zionekane

Jambo hili wauzaji hawalisemi. Kamera ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, inaangalia mwanga wa picha nzima. Nyuma ya mhubiri kukiwa na ukuta mweupe au dirisha lenye jua, kamera inaona mwanga ni mwingi, inapunguza, na uso mweusi unageuka kivuli. Anayetazama nyumbani anaona suti bila uso.

Dawa ni mbili. Ya kwanza haina gharama: kamera isielekee dirisha, na kitambaa cha rangi ya bluu nzito au kijani kitundikwe nyuma ya mimbari. Ya pili: nunua kamera ambayo mwanga wake unaweza kupangwa kwa mkono, kisha upangwe kwa kuangalia uso wa mtu aliyesimama pale, usipangwe kwa ukuta.

Kuna kitu kingine kidogo kinachosumbua wengi. Umeme wa nchi yetu ni wa hezi 50, wakati kamera nyingi zinatoka kiwandani zimepangwa kwa nchi za hezi 60, kama Marekani. Ukiziacha hivyo, taa za kanisa zinaonekana kama zinapepesa au mistari inapita katika picha. Ingia katika mipangilio, chagua 50. Ni dakika moja tu.

Na urefu wa kuifunga: ukiifunga juu sana karibu na bati, utaonyesha vilemba na vipara. Kidogo juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, kama mita 2 na nusu, panatosha ili waliosimama wasiizibe.

Kebo: urefu wake uamue aina ya kamera

Kamera ina matundu ya kutolea picha, na kila aina ya kebo ina urefu wake. Kebo ya USB inafaa mita chache tu. Ya HDMI, ile ya televisheni, inaanza kuleta matatizo ikipita mita 10 au 15. Ya SDI inafika mita 70 mpaka 100 ikiwa ni nzuri. Na kebo ya mtandao, ile ya kompyuta za ofisi, inafika mita 100, na katika kamera nyingi inapeleka picha, amri za kuiongoza na umeme kwa waya mmoja.

Kwa hiyo mama akisikia kwamba kamera ya USB ni rahisi kuliko nyingine, aulize: kompyuta itakaa wapi? Ikiwa itakaa mbele karibu na mikisa ya sauti, na kamera iko ukuta wa nyuma, kamera hiyo ya bei rahisi haitafaa, au italeta gharama nyingine juu yake.

Sauti ndiyo kwanza

Kama kuna sentensi moja ya kukumbuka katika makala hii, ni hii: mtu huvumilia picha mbaya, sauti mbaya haivumilii. Bibi aliyelala kitandani akisikia mahubiri vizuri, ameshiriki ibada hata picha ikikwama. Akiona picha safi ya mdomo unaotembea bila kusikia neno, atafunga simu.

Mikrofoni iliyo ndani ya kamera, mita 20 kutoka mimbarini, itachukua watoto wanaolia, viti vinavyokwaruza, na hasa mvua. Tunajua mvua ya Kisangani juu ya bati inavyopiga. Hapo hata aliye kiti cha tano hasikii. Sauti ya kupeleka mbali lazima itoke moja kwa moja kwenye mikisa, kwa waya, mpaka kwenye kompyuta au kwenye kamera yenye tundu la kuingiza sauti. Kwaya nayo ipate mikrofoni yake, maana mhubiri peke yake akiwa na mikrofoni, nyimbo zitasikika kama zinaimbwa nyumba ya jirani.

Kwa hiyo kanisa ambalo mikisa yake inakwaruza na mikrofoni zake zimefungwa kwa utepe lisinunue kamera kwanza. Pesa ya wamama ianze hapo. Na faida yake itaonekana siku ile ile, hata kwa waliomo ndani.

Mega: gharama inayorudi kila Jumapili

Kamera inanunuliwa mara moja, lakini mega zinanunuliwa kila wiki. Tufanye hesabu pamoja.

Picha nzuri sana inahitaji kupeleka karibu megabiti 3 kila sekunde. Ibada ya saa 2 ina sekunde 7,200. Zidisha, kisha gawa kwa 8 kupata megabaiti: unafika megabaiti 2,700, yaani giga 2.7 kwa ibada moja. Kwa Jumapili 52 za mwaka ni giga 140. Ukipunguza mpaka megabiti 1 kwa sekunde, picha inayotosha kwa simu ndogo, ibada inakula giga 0.9, na mwaka mzima giga 47 hivi. Ukipeleka sauti peke yake kwa kilobiti 64, ibada nzima ni megabaiti 58 tu.

Tazama tofauti hiyo. Chukua bei ya giga moja kwa mtandao unaotumika kwenu, zidisha, na uweke namba hiyo mbele ya kamati kabla ya bei ya kamera. Kanisa lisiloweza kulipa mega za mwaka halina sababu ya kununua kamera ya mwaka huu.

Na tusimsahau anayetazama. Yeye pia analipa. Akichagua picha ndogo katika YouTube, ibada ya saa 2 inaweza kumla nusu giga hivi. Mama mgonjwa ambaye hana pesa ya kutosha ya dawa hataweza kila wiki. Kwa huyo, sauti ya mahubiri ikatwe baada ya ibada na kupelekwa katika kundi la WhatsApp. Itamfikia, ataisikiliza mara tatu, na jirani asiye na simu atakaa karibu asikilize pia. Kamati inayonunua kamera na kusahau sauti hii ndogo imewaacha walio maskini zaidi.

Nguvu ya mtandao ipimwe Jumapili, saa ya ibada yenyewe, watu wakiwa wamejaa na simu zao mifukoni. Kipimo cha Jumanne jioni kanisa likiwa tupu kitawadanganya. Angalia namba ya kupandisha, siyo ya kushusha, na iwe karibu mara mbili ya ile unayotaka kupeleka. Mwaka 2025 serikali iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, na makanisa mengine yanaifikiria. Nayo ipigiwe hesabu ya mwezi kwa mwezi, pamoja na umeme wake.

Umeme na hewa ya kwetu

Umeme wa Kisangani unatoka katika maporomoko ya mto Tshopo, na si kila mtaa unaupata, wala si kila saa. Habari njema ni kwamba kamera hizi hazili umeme mwingi. Kamera yenyewe hutumia karibu wati 15 mpaka 20, kompyuta 60, kifaa cha intaneti 10, mikisa ndogo 30. Jumla ni wati 120. Kwa saa 3, pamoja na maandalizi, ni wati-saa 360. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya kawaida ya maji haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Hata ukitoa kinachopotea katika inverta, ibada inamalizika. Spika kubwa na taa ziwe na chanzo kingine, zisiwekwe juu ya betri hiyo.

Kamera nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo zinaweza kupewa umeme wa betri bila kupitia inverta, mradi kuna kifaa cha kuishika volti isipande na kushuka. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kuwaka, ibada haikatiki kwa walio nyumbani.

Umeme unaporudi kwa nguvu unaua vyombo. Kamera iwe nyuma ya stabilizata, na radi ikianza kupiga, ichomolewe umeme na kebo ya mtandao pia. Halafu kuna unyevu. Tunaishi karibu na mstari wa ikweta, katikati ya msitu, hewa ina maji mwaka mzima. Ukungu mweupe huota ndani ya lenzi kama unavyoota juu ya viatu kabatini. Baada ya ibada, kamera ikiwa imepoa, ifunikwe na mfuko safi pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na vyombo vya redio. Tusivitupe tena. Kamera ya kufungwa ukutani iwe na kisanduku chenye kufuli, maana mvua si adui peke yake.

Bei na njia ya kununulia

Kamera ndogo za telekomande zinaanzia dola mia chache. Zile za kazi za Sony, Panasonic, Canon au PTZOptics zinaanzia karibu dola elfu moja na kupanda mpaka elfu kadhaa. Juu ya hapo kuna kebo, kibao cha kuongozea, kompyuta, usafiri kutoka Kinshasa, Goma, Kampala au Dubai, na forodha. Uliza bei ya kitu kikiwa kimefika mlangoni mwa kanisa, siyo bei ya dukani.

Ushauri wetu ni kugawa pesa katika mafungu matatu: fungu la sauti na umeme, fungu la kamera na kebo zake, na fungu la mega za miezi 6. Ikiwa fungu la tatu halipo, ngojeni.

Na kabla ya yote, fanyeni majaribio kwa simu. Simu nzuri iliyopo, ifungwe juu ya miguu mitatu, ipewe sauti kwa waya kutoka kwenye mikisa, ipeleke ibada kwa miezi 2. Andikeni kila Jumapili: watu wangapi wametazama mpaka mwisho, mtandao umekatika mara ngapi, mega ngapi zimeliwa, nani alikuwa kazini. Daftari hilo litawaambia ukweli kuliko muuzaji yeyote. Inawezekana mkaona simu inatosha. Inawezekana mkaona watu 40 walio nyumbani wanangoja kila Jumapili, na hapo mtanunua mkiwa na moyo mweupe.

Siku ya kununua, kamera iwashwe mbele yenu. Igeuke pande zote, ivute mpaka mwisho, isikilizwe kama mota inapiga kelele. Karatasi ya udhamini iandikwe jina la kanisa, isiwe jina la mtu mmoja.

Kurasa zina sheria zake

YouTube inataka namba ya simu ithibitishwe, na mara ya kwanza unangoja mpaka saa 24 kabla ya kuruhusiwa kurusha moja kwa moja. Msifungue ukurasa asubuhi ya Pasaka. Facebook, tangu mwaka 2024, inataka akaunti iwe na siku 60 na wafuasi 100. Na tangu Februari 2025, matangazo ya moja kwa moja ya Facebook yanafutwa baada ya siku 30. Ibada ya mazishi ya mama yenu, ikiachwa pale tu, itapotea. Ishusheni na kuihifadhi mahali pawili.

Neno la siri la ukurasa lijulikane na watu watatu wa kamati. Kijana akihama kwenda Kinshasa, ukurasa wa kanisa usihame naye.

Jicho la kamera na heshima ya watu

Hapa wamama tunapaswa kusema kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine. Kamera inayovuta karibu inaweza kuonyesha chozi la mjane kwa dunia nzima, na yeye hajui kama anaonekana. Picha ikishatoka hairudi.

Ndiyo maana tunaomba kila kanisa liandike sheria zake kabla ya kufunga kamera. Anayelia asivutwe karibu. Ushuhuda wa ugonjwa, wa ndoa, wa kubakwa, kamera igeuzwe kwenye msalaba au kwenye ukuta na sauti ikatwe. Watoto waonyeshwe kama kundi, na majina yao yasisomwe. Mama anayenyonyesha asionyeshwe. Viti vya upande mmoja viachwe nje ya kamera, na tangazo litolewe mlangoni, ili asiyetaka kuonekana ajue pa kukaa.

Hili si jambo la haya tu. Tangu mwaka 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola umefukuza familia nyingi kutoka upande wa Lubunga na Ubundu, na baadhi yao wanasali katikati yetu. Mtu aliyekimbia hataki aliyemfukuza aone amekaa kanisa gani, kiti cha ngapi, pamoja na watoto wangapi. Kamera ya kanisa isiwe mpelelezi bila kujua.

Faida ya kamera ya telekomande inaonekana hapa pia: ile namba iliyohifadhiwa inaweza kuwa msalaba. Mwenye kuiongoza anabonyeza namba 5, na aliye katika uchungu anafichwa kwa sekunde mbili. Mtu huyo awe na moyo wa kuona jambo kabla halijatokea. Katika makanisa yetu mengi, mtu wa namna hiyo ni mama.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Kateni sehemu hii, mkaiweke ndani ya Biblia au daftari la chama.

1. Ni nani walio nyumbani wanaohitaji ibada hii, na tumewauliza wana simu gani?
2. Kutoka mahali pa kamera mpaka mimbarini ni mita ngapi?
3. Kuvuta ni kwa lenzi mara ngapi?
4. Kebo gani, urefu gani, na bei yake imo?
5. Sauti inatoka kwenye mikisa kwa waya?
6. Mega za ibada moja ni ngapi, na za miezi 6 zinalipwa na nani?
7. Umeme ukikatika, ibada inaendelea kwa saa ngapi?
8. Watu gani wawili watafundishwa, na kati yao mama ni nani?
9. Sheria za heshima zimeandikwa na kusomwa mbele ya waamini?
10. Bei ni ya dukani au ya mlangoni?

Kamati ikijibu yote kumi, tuitoe pesa yetu kwa furaha. Ikijibu manne, tuwaambie kwa upole: wababa, vijana, tutafuteni majibu kwanza, pesa iko na haikimbii. Na wakati tunangoja, Jumapili hii kila mmoja wetu apitie kwa mgonjwa mmoja baada ya ibada, kwa mguu au kwa toleka, amsomee lile neno lililohubiriwa. Kazi hiyo kamera haitaichukua kwetu.